Ua la Mwitu Kama Taashira ya Mahali

Mtahiniwa anapoulizwa ua linaashiria nini katika kazi ya fasihi, aghalabu hujibu, "Urembo na mapenzi," kisha akaendelea na swali jingine. Jibu hilo si kosa, ila ni finyu. Huenda likatosha kwa waridi la bustanini, lakini halitoshi kwa ua la mwitu lenye kwao.

Hebu tuzingatie mfano mmoja. Katika Milima ya Usambara, mkoani Tanga, humea ua dogo la rangi ya zambarau ambalo wataalamu waliliita Saintpaulia. Jina hilo lilitokana na Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa ukoloni wa Kijerumani aliyelipata mwaka wa 1892. Mwaka uliofuata, Hermann Wendland alilieleza kitaalamu huko Ujerumani. Baadaye likawa pambo la madirishani Ulaya na Marekani. Nasi Wakenya tunaye ndugu yake, Saintpaulia teitensis, ambaye makao yake ya asili ni msitu wa Mbololo katika Milima ya Taita.

Sasa tazama taashira. Mtunzi akiliweka ua hili dirishani London, ni pambo, au ni mhamiaji anayeitwa kwa jina la mgeni aliyemchukua kwao. Akiliweka Mbololo, maana hugeuka. Huko huishi miambani penye unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Miti ikikatwa, jua hulikausha. Kwa hivyo, mhusika anayelinganishwa nalo si mrembo tu. Ni mtu ambaye uhai wake unategemea jamii inayomkinga. Naye anayefyeka msitu huliangamiza ua bila hata kuligusa.

Mwalimu mwenzangu, kabla ya kulikubali jibu la "urembo," waulize wanafunzi maswali matatu: Ua hili humea wapi? Linahitaji nini ili liishi? Nani alilipa jina? Kisha wadai ushahidi wa matini kwa kila jibu, kwani taashira isiyo na ushahidi ni ubunifu wa mtahiniwa, si wa mwandishi.

Nawe mtahiniwa, usichume ua ukaacha shina. Eleza mandhari kwanza, ndipo utaje maana.