Mukono Uliokauka: Juu ya Njia ya Musalaba Moja na Mafundi wa Elisabethville

Katika kanisa dogo moja, kwenye barabara inayotoka Butembo kwenda Beni, kuna Njia ya Musalaba yenye vituo 13. Cha 14 hakijaisha. Tuliangalia picha hizi moja moja, na tunataka kusema wazi tunavyofikiri. Maana wasomaji wetu wengi, waseminari na makatekista, wanaombwa kupamba kanisa, na wengi wao wanafika siku moja pahali ambapo mukono unakataa.

Fundi ni kijana, hatutataja jina lake. Kwa vituo saba vya kwanza alifuata sanamu ndogo zilizochapwa Ulaya, zile tunazoweka katika kitabu cha Misa. Kazi ni safi. Rangi zimekaa vizuri, na nguo zinaanguka namna inavyofaa. Lakini tukisema kweli, hakuna mutu ndani yake. Simoni wa Kirene anashika musalaba kama mutu ambaye hajabeba muzigo hata siku moja. Na hapa kwetu, nani hajabeba muzigo?

Alipofika kituo cha nane, wanawake wa Yerusalemu wanaolia, akasimama. Miezi ikapita. Kijana huyu alikuwa Beni wakati mauaji yalipoanza, Oktoba 2014, na kilio alikisikia kwa masikio yake. Wanawake wa sanamu ndogo wanalia kwa adabu, kitambaa machoni. Hakuweza tena kuwafuata wale, na wengine hakujua namna ya kuwachora. Akafikiri Mungu amemunyanganya zawadi yake. Padri mumoja akamwambia asali na kungoja. Neno ni jema, lakini yule mutu wa Injili mwenye mukono uliokauka aliambiwa vilevile aunyooshe.

Hapa inafaa tuangalie mbali kidogo, kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Nyuma ya vita ya pili ya dunia, Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua pale nyumba ya kazi iliyoitwa Le Hangar. Hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya wazifuate. Kila mumoja alipashwa kutafuta alama yake mwenyewe. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga (1925-1999) alijenga miili ya watu na wanyama kwa mistari mifupi mifupi, karibu kama musukaji wa mukeka. Pilipili Mulongoy (1914-2007) alichora ndege, samaki, nyoka na mamba, na nyuma yao akajaza karatasi yote na madoa madogo, moja karibu na lingine, mupaka hakuna nafasi tupu. Desfossés akafa mwaka 1954. Kazi haikufa naye: Mwenze na Pilipili wakafundisha katika Akademia ambayo Laurent Moonens aliifungua katika muji ule mwaka 1951. Katika mwaka 2015, picha za hawa watatu zilionyeshwa Paris, katika Fondation Cartier.

Wengine watauliza: Pilipili alichora ndege na samaki maisha yake yote, basi alikua wapi? Swali hili si la upumbavu. Sisi tunajibu kwamba kukua si kubadilisha kitu unachochora. Angalieni ndege wake aliye juu ya kiota wakati nyoka anapopanda: ni habari ileile, lakini kila mara fundi anapashwa kuamua tena nyoka yuko mbali kiasi gani, na ndege ameogopa kiasi gani. Yale madoa nayo ni dawa. Siku ambayo mutu hana wazo, anaweza kuweka madoa. Na mukono unaofanya kazi unaamusha macho. Lakini hatutaki kusifu bila kipimo. Si kila picha yake ina nguvu sawa. Alama ambayo wanunuzi wanaipenda inaweza kumufunga fundi kama zile sanamu ndogo za Ulaya: anaanza kujifuata yeye mwenyewe.

Michelangelo alionyesha njia nyingine. Alichonga Mama Maria na Mwana aliyekufa alipokuwa kijana wa miaka 24 hivi, na sanamu ile iko Roma, katika Basilika ya Mutakatifu Petro, imekamilika kabisa. Akarudia jambo lilelile katika uzee, na siku chache mbele ya kufa kwake, mwaka 1564, alikuwa akichonga bado. Ile ya mwisho iko Milano. Alikata kazi yake ya kwanza ili atafute nyingine ndani ya jiwe, na mukono mumoja wa zamani umebaki pembeni peke yake, bila mwili. Mwenye uzuri kama ule wa Roma mikononi mwake hakuogopa kuharibu.

Sasa turudi kwetu. Katekista muzee wa pale ndiye aliyemufungua kijana. Alimwambia aache nyuso, akae kando ya barabara siku ya soko, achore tu kamba ambayo mama zetu wanaweka kwenye kipaji cha uso wanapobeba muzigo mugongoni. Alichora kamba ile mara nyingi sana, kisha shingo, kisha mikono iliyowekwa juu ya kichwa kama wakati wa matanga. Kituo cha nane kikatoka humo. Kina makosa: shingo ya mwanamuke wa kwanza ni ndefu mno, na Yesu yuko karibu kuanguka nje ya ubao. Lakini tuliona watu wakipiga magoti pale kupita pahali pengine pote.

Wengine katika parokia wanataka vituo saba vya kwanza vipakwe upya, ili vyote vifanane. Sisi tunakataa. Viachwe, mukristu anayetembea toka cha kwanza ataona mutu amejifunza.

Kituo cha 14, kuzikwa kwa Bwana, amekifuta mara tatu. Ubao umeegemea ukuta wa sakristia, na juu yake kuna mistari ya makaa tu. Tulipomutembelea mara ya mwisho alikuwa akichora majembe.