Nani Anamsemea Mhusika Mkuu? Rosa wa Kezilahabi na Diouana wa Sembène

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili neno shujaa lilitumika kwa muda mrefu mahali pa mhusika mkuu, na wako wanaolitumia hivyo hata leo. Mazoea haya yana asili yake. Tendi zetu zilimfunza msomaji kumtazama mtu mmoja aliyewapita wenziwe kwa nguvu, kwa ulimi au kwa imani. Fumo Liyongo, tunavyosimuliwa, alichomwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe. Akafa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wakakaa siku kadhaa wasithubutu kumsogelea. Mtu wa namna hii huigwa, au angalau hustaajabiwa. Riwaya ilipokuja na wahusika wakuu wasiofaa kuigwa, wahakiki wengi waliwapima kwa pishi ile ile: je, huyu ni mwema au mwovu? Anamfunza nini kijana wa shule?

Swali hilo si la kupuuzwa, lakini halitufikishi mbali. Naona liko lingine linalopaswa kulitangulia: ndani ya kazi yenyewe, ni nani mwenye haki ya kueleza maana ya maisha ya mhusika mkuu? Nitalijaribu swali hili kwa kazi mbili. Ya kwanza ni riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971. Ya pili ni filamu ya Sembène Ousmane wa Senegali, La Noire de..., ya mwaka 1966, aliyoitengeneza kutokana na hadithi yake fupi iliyomo katika mkusanyo wa Voltaïque wa mwaka 1962. Sidai kwamba Kezilahabi aliathiriwa na Sembène. Ninaziweka pamoja kwa kuwa kila moja inamhusu msichana anayetoka kwao, anayepoteza aliyoyatarajia, na mwishowe anajiua. Na kila mmoja wao amezungukwa na watu walio tayari kumsemea.

Rosa anatoka Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi na mkali. Mambo yanaanza kuharibika kwa sababu ya barua tu: barua ya mvulana aitwaye Charles inamfikia Zakaria, na Rosa anapigwa vibaya. Tangu hapo anaishi kwa kuwaogopa wanaume, mpaka anapofika katika chuo cha ualimu, mbali na macho ya baba, na kamba iliyokazwa kupita kiasi inakatika. Riwaya hii ilipotoka ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, nayo baadaye ikaja kuwa kitabu cha kufundishia. Pande zote mbili, waliokipiga marufuku kitabu na waliokitetea, zilibishana juu ya jambo moja: lawama ni ya Rosa au ni ya Zakaria? Huo ni mjadala wa baraza la wazee. Mwandishi mwenyewe ameuchochea, maana msimulizi wake ni mjuzi wa yote na hachelewi kutoa maoni. Rosa anapotenda jambo, aghalabu tunaelezwa maana yake kabla yeye hajapata nafasi ya kujieleza. Amejaa tele katika kurasa, na hapana shaka kwamba ndiye mhusika mkuu. Ila katika kuyafasiri maisha yake mwenyewe amepewa sehemu ndogo. Hata ile barua ya Charles, aliyeandikiwa ni yeye, lakini baba ndiye aliyeipa maana.

Tugeukie Diouana. Hadithi fupi ya Sembène inaanza baada ya msichana kufa. Ni asubuhi ya Juni 23, 1958, katika mji wa Antibes, kusini mwa Ufaransa. Wapelelezi wameingia katika nyumba ya Wafaransa waliomleta mtumishi huyo kutoka Dakar, na wanaosikika kwanza ni wao pamoja na wenye nyumba. Ndipo tunaporudishwa nyuma kusimuliwa habari za Diouana. Mwishoni magazeti yanamtaja kwa maneno machache katika ukurasa wa ndani, kwamba aliua nafsi yake kwa kukumbuka kwao. Hadithi hii ni kali, na ukali wake unatokana na kumweka mhusika mkuu kati ya kauli mbili za wengine, ya polisi na ya gazeti.

Alipoigeuza kuwa filamu, Sembène aliubadilisha mpango huo tangu mwanzo. Wapelelezi hawatangulii. Tunamwona Diouana akishuka melini, naye anatuambia mwenyewe anayoyawaza. Mbele ya mabwana zake hasemi zaidi ya kuitikia; ndani hanyamazi. Mtazamaji anasikia yote, mwajiri hasikii lolote. Yafaa wahakiki wa riwaya tuutazame vizuri mgawanyo huu, kwa sababu unaonyesha kwamba uzito wa mhusika mkuu hautokani na wingi wa vitendo vyake. Diouana anapika, anafua, anasugua, basi. Anayoyajua juu ya nyumba ile ndiyo yanayoibeba filamu nzima.

Katika filamu pia kuna barua. Imetoka kwa mama yake, asiyejua kuandika. Imeandikwa na mtu mwingine. Mwajiri wa kiume anaisoma kwa sauti, kisha, kwa wema wake, anachukua kalamu kumwandikia Diouana majibu, akibuni salamu na habari za afya njema bila ya kumwuliza. Diouana anaichukua barua ile na kuichana. Hakuna kofi lililopigwa hapo wala tusi lililotoka, nami naliona tendo hilo kuwa kitovu cha filamu, kuliko hata kifo chake bafuni. Ameona maneno yakiwekwa kinywani mwake, akayakataa. Baada ya hapo anakataa kazi, anakataa fedha, na ananyang'anyana na bibi wa nyumba kinyago alichompa zawadi siku za Dakar.

Hata hivyo, yako mashaka ambayo mwanafunzi wa lugha hawezi kuyanyamazia. Sauti ya ndani ya Diouana inasema Kifaransa, tena Kifaransa fasaha. Wala si sauti ya Mbissine Thérèse Diop tunayemwona, bali ni ya Toto Bissainthe, mwigizaji wa Haiti. Msichana aliyechana barua kwa kukataa kusemewa anasemewa basi na mwingine, na kwa lugha ya mabwana zake! Wapo watakaosema kwamba hilo lilikuwa sharti la mazingira ya utengenezaji wa filamu wakati ule, na Sembène mwenyewe alihamia Kiwolofu katika filamu yake ya Mandabi ya mwaka 1968. Sawa. Ila udhuru haufuti kasoro. Kinachoiokoa filamu, kwa maoni yangu, ni uso wa Diop, ambao mara nyingi unatuambia zaidi ya maneno yanayosikika, na hicho kinyago, kisichohitaji mfasiri. Mwajiri anapokwenda Dakar kumpelekea mama fedha za marehemu, mama anazikataa kimya. Kisha mtoto anakivaa kinyago na kumfuata yule mzungu hatua kwa hatua mpaka anakimbilia gari lake. Mhusika mkuu ameshakufa, na bado anaongoza mwendo wa watu.

Iwapo mtu angetaka kumtengenezea Rosa filamu, angekutana na tatizo hilo tangu ukurasa wa kwanza. Msimulizi wa Kezilahabi hawezi kuingia katika picha na maoni yake yote, atabaki mlangoni. Mtengenezaji atalazimika kuamua kama Rosa atapewa sauti ya ndani, au ataachiwa uso wake tu siku anapopigwa kwa ajili ya barua. Na akipewa sauti, itabidi iamuliwe kama msichana huyo wa Namagondo anawaza kwa Kiswahili cha riwaya au kwa Kikerewe cha nyumbani kwao.