Kwaherini, Wana Salamu

Kadi ya salamu za redioni inatoweka, na waliokuwa wakiijaza wanastahili pongezi za dhati. Enzi za Sauti ya Kenya, iliyogeuka KBC mwaka 1989, na za Radio Tanzania Dar es Salaam, mtu alinunua kadi dukani, akaandika jina lake na la utani, akapanga majina ya anaowasalimu, wimbo autakao na ujumbe mfupi. Kisha stempu, posta, na kusubiri. Siku mtangazaji akiisoma, mtaa mzima ulijua.

Kinachonigusa zaidi ni uaminifu wao. Watu wa Kisumu na wa Voi walisalimiana miaka nenda rudi bila kuonana. Wakaunda vyama, wakachangiana harusi na misiba, na hata matangani wakaitana kwa majina yale yale ya redioni. Hakuna aliyewalipa. Na kipindi cha Ugua Pole kilifika hadi wodini, mgonjwa akasikia jina lake likitajwa na nduguye aliye mkoa mwingine. Dawa gani ingeshinda hiyo?

Leo simu imeichukua kazi hiyo. Wazee wetu wa salamu, mlitusalimia vizuri.