Mng'ao Kabla ya Rangi: Namna ya Kupima Kurasa za Kubeti na Kasino Bujumbura

Sifa zinazotolewa mjini Bujumbura kwa kurasa za kubeti na za kasino za mtandaoni mara nyingi huangukia kazi isiyostahili. Ukurasa wenye usuli mweusi, herufi za dhahabu na vitufe vinavyometameta huitwa kazi ya fundi, husifiwa na wenye biashara, huigwa na vijana wanaojifunza kutengeneza tovuti, na hatimaye hugeuka kipimo cha kazi nyingine zote, ilhali hakuna aliyeuliza kama mbashiri aliyesimama juani, simu yake ikiwa imebakiza chaji kidogo, anaweza kuona ni timu gani aliyoichagua. Kazi ya namna hiyo ni mbovu, hata ikipambwa vipi, kwa sababu katika ukurasa wa kubeti fedha ya mtu hutoka mfukoni mwake kwa mguso mmoja wa kidole, na rangi isiyomsaidia kujua alichokigusa imeshindwa kazi yake ya kwanza.

Anayetaka kuhukumu rangi za ukurasa hana budi kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo jicho lisilofunzwa huyachanganya. Jambo la kwanza ni rangi yenyewe, yaani wekundu, ukijani au ubluu. La pili ni mng'ao, yaani kiasi cha mwanga ambacho rangi hiyo hulipelekea jicho. Muungano wa wataalamu wa wavuti unaojulikana kama W3C, ambao ulitoa miongozo yake ya ufikivu mwaka 1999, ukaiandika upya mwaka 2008 na kuiongezea masharti mwaka 2018 na 2023, hupima tofauti ya mng'ao kwa uwiano unaoanzia 1 kwa 1, pale ambapo vitu viwili havitofautiani kabisa, hadi 21 kwa 1, ambao ni uwiano wa nyeupe na nyeusi. Ufikivu maana yake ni hali ya kitu kuweza kutumiwa na kila mtu, akiwemo mwenye uoni hafifu, na kwa ajili hiyo maandishi ya kawaida hutakiwa kufikia angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1.

Vipimo hivyo huonyesha upesi mahali ambapo sifa zimekosewa. Dhahabu ya kawaida ya skrini, ikiwekwa juu ya nyeusi, hufikia takriban 15 kwa 1, na hapo wanaoisifu wana haki. Lakini dhahabu hiyo hiyo ikihamishiwa kwenye ukurasa mweupe wa kuweka fedha, kama inavyofanywa na kila mtengenezaji anayetaka rangi ya kampuni ionekane kila mahali, hushuka hadi 1.4 kwa 1, na maelezo ya malipo hubaki kivuli tu. Nyekundu iliyokolea, ile ya damu ya mzee inayopendwa sana na kurasa za kasino, haipiti 2.1 kwa 1 juu ya nyeusi, na hivyo kila neno lililoandikwa kwa rangi hiyo halijaandikwa kwa ajili ya kusomwa.

Mazingira ya Bujumbura huyafanya mapungufu haya kuwa makubwa zaidi kuliko yanavyoonekana ofisini. Mji uko karibu na nyuzi 3 kusini mwa ikweta, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na jua la mchana linapopiga kioo cha simu huongeza mwanga wake juu ya kila rangi, ya giza na ya nuru, hata tofauti iliyokuwa inatosha chumbani hupungua nje. Umeme unaokatika huwalazimu wengi kushusha mwanga wa skrini ili chaji ifike jioni, na foleni za mafuta za miaka ya karibuni zimewazoeza watu kushika simu juani kwa saa nyingi. Lugha nazo huongeza uzito, kwa kuwa neno la Kirundi au la Kiswahili mara nyingi ni refu kuliko nafasi iliyopimwa kwa Kiingereza, na mtengenezaji asiye na subira hupunguza herufi ili neno liingie kwenye kitufe, asijue kwamba herufi ikishakuwa ndogo haistahili tena nafuu ya 3 kwa 1 na inadai 4.5 kamili.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo hutenganisha kazi ya fundi na kazi ya mwanagenzi kuliko mengine yote, na ambalo wanaosifu kurasa hizi hawalitazami kamwe: namna kisanduku cha odi kinavyobadilika baada ya kuguswa. Odi ni namba inayoonyesha dau litalipwa mara ngapi, na kila mechi huja na visanduku vitatu, cha mwenyeji, cha sare na cha mgeni, tuseme 1.85, 3.40 na 4.20. Mbashiri hugusa kimoja, nacho hubadilika rangi kuonyesha kwamba kimeingia kwenye mkeka, yaani orodha ya mechi alizozichagua pamoja. Katika kurasa nyingi visanduku vyote huwa vya kijani, na kilichochaguliwa hugeuka chekundu. Mtengenezaji aliyekaa mbele ya skrini pana huona mabadiliko makubwa mno, naye huridhika.

Lakini mng'ao karibu haukubadilika. Nyekundu kamili ya skrini na kijani kilichokolea hutofautiana kwa takriban 1.3 kwa 1 tu, na kwa hiyo ukiondoa rangi na kubakiza mwanga, visanduku hivyo vitatu huwa karibu kijivu kimoja. Hivyo ndivyo vinavyokaribia kuonekana juani, na kwa shida hiyo hiyo huvitofautisha mtu mwenye upofu wa rangi wa nyekundu na kijani, hali ya kurithi inayowapata wanaume zaidi kuliko wanawake, ambayo John Dalton aliieleza mbele ya wasomi wa Manchester mwaka 1794 kwa kuyachunguza macho yake mwenyewe. Mbashiri wa namna hiyo hugusa 1.85, haoni kitu, hugusa tena kwa kudhani simu imekwama, na mguso wa pili unauondoa uchaguzi wake. Mkeka huenda ukiwa na mechi pungufu, dau hukatwa, na lawama huangukia mtandao au bahati yake. Miongozo ya W3C hukataza kutegemea rangi peke yake kubeba maana, na tangu 2018 hudai angalau 3 kwa 1 kwa alama zinazohitajika ili hali ya kitufe ijulikane. Fundi wa kweli hutimiza yote mawili bila kuambiwa: kisanduku cha giza hugeuka cheupe, namba hugeuka nyeusi, ukingo huwa mnene, na alama ya vema hutokea pembeni, hata mtu asiyeona rangi yoyote akajua alipo.

Elimu hii ni kongwe kuliko intaneti. Watengenezaji wa meza za ruleti walipopaka namba 18 nyekundu na 18 nyeusi juu ya kitambaa cha kijani, walizizungushia mistari myeupe au ya njano ili kila kisanduku kijitegemee. Bendera ya Burundi, iliyoanza kutumika mwaka 1967, ina nyekundu na kijani, nayo hupitisha msalaba mweupe wa mshazari kati ya sehemu zake kubwa, hata sehemu hizo zisigusane. Jock Kinneir na Margaret Calvert, waliobuni vibao vya barabara kuu za Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, walitumia nyeupe juu ya bluu, jozi ambayo hata leo haijapata mpinzani. Chéri Samba alianza Kinshasa katika miaka ya 1970 kwa kuchora vibao vya biashara kabla ya kuwa mchoraji wa kimataifa, na shule hiyo ya vibao haikumvumilia mtu ambaye herufi zake hazikusomeka upande wa pili wa barabara. Wachora vibao wa Buyenzi na Bwiza, mitaa ya Bujumbura, walifuata sheria hiyo hiyo kwa brashi na rangi ya mafuta, wakizungushia herufi ya njano ukingo mweusi, na ni hasara kwamba vijana walioirithi kazi yao kwa kompyuta hawakurithi ukingo huo.

Wadanganyifu nao wana mbinu zao, na mhakiki anapaswa kuzijua. Wapo wanaoonyesha kazi yao daima chumbani, mapazia yakiwa yamefungwa na mwanga wa skrini ukiwa umepandishwa hadi mwisho. Wapo wanaouza programu ya kubandika juu ya tovuti mbovu, wakidai kwamba inaifanya ifikike na kila mtu mara moja. Mwaka 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliiamuru kampuni moja ya aina hiyo kulipa dola milioni 1 kwa madai ya kupotosha. Wabaya zaidi ni wale wanaoujua mng'ao vizuri na kuutumia kuficha: kitufe cha kuweka dau hung'aa kama taa, kile cha kutoa fedha huwa kijivu juu ya kijivu, na masharti ya bonasi huandikwa kwa rangi iliyo karibu na usuli wake. Uovu huo hauwezi kuitwa kosa la fundi, kwa kuwa aliyeutenda alipima kwanza.

Kanuni nyingine hazihitaji hoja ndefu. Ukurasa mzuri wa kubeti hauvuki rangi tatu, ukiacha nyeupe na nyeusi. Dhahabu ni rangi ya mstari na ya nembo, na kamwe haiwi rangi ya aya. Usuli mweusi kabisa hauna heshima. Bluu ya usiku huyapumzisha macho na kuyafanya maandishi meupe yatulie. Zambarau haina kazi. Kitu kinachometameta karibu na salio la mteja ni ukosefu wa adabu, na namba ya salio yapasa kuwa ndiyo yenye uwiano mkubwa kuliko zote katika ukurasa, walau 7 kwa 1.

Burundi iliridhia mwaka 2014 mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinahusu ufikivu, pamoja na ule wa habari na mawasiliano, na kwa hiyo suala hili limevuka mipaka ya ladha. Mwenye biashara anayepokea tovuti mpya na aigeuze skrini yake kuwa ya kijivu, jambo ambalo simu nyingi za leo huliwezesha katika mipangilio, kisha atoke nje saa sita mchana na ajaribu mambo manne: kuchagua odi, kusoma salio, kutoa fedha na kujiwekea kikomo cha dau. Likimshinda hata moja kati ya hayo manne, asiilipie kazi hiyo, na anayeisifu asisikilizwe.