Saa moja ya Wilson hadi Voi inavyohesabiwa

Mwulize rubani wa ndege ndogo kuna umbali gani kutoka Wilson, Nairobi, hadi kiwanja cha Ikanga kule Voi, naye atakujibu kwa muda: saa moja na kitu. Jibu hilo lina hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari Taita Taveta anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi, na ningependa walimu waifundishe.

Wilson iko takriban digrii 1.32 kusini mwa ikweta na 36.81 mashariki, Ikanga iko 3.37 kusini na 38.53 mashariki. Ukitoa, unabaki na digrii 2.05 za kwenda kusini na 1.72 za kwenda mashariki. Digrii moja ni karibu kilomita 111, hivyo upande mmoja ni kilomita 228 na wa pili 191. Kanuni ya Pythagoras inamalizia: kilomita 297.

Tunaoishi karibu na ikweta tumepata urahisi hapa. Mistari ya longitudo huzidi kukaribiana kadiri unavyoelekea ncha za dunia. Kule London digrii moja ya longitudo ni kama kilomita 69 tu, na anayetumia 111 atapotea vibaya. Kwa safari yetu, kosa halifiki mita 200.

Kwa barabara ni takriban kilomita 330, kwa hiyo ndege haifupishi njia sana. Faida yake ni mwendo. Cessna Caravan husafiri kwa karibu kilomita 300 kwa saa, na hapo ndipo saa moja inapotoka, kama hewa imetulia.

Hewa haitulii. Safari hii inaelekea kusini-mashariki, na kusi huvuma kutoka huko huko. Tuseme upepo ni kilomita 30 kwa saa: kwenda, mwendo unashuka hadi 270 na safari inachukua dakika 66, kurudi unapanda hadi 330, dakika 54. Wengi hudhani upepo hurudisha ulichokula. Haurudishi, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi ukiwa unapingwa kuliko ukiwa unasukumwa. Upepo wa 30 unakula dakika moja hivi katika safari nzima ya kwenda na kurudi. Wa 60 unakula kama tano. Na injini hunywa mafuta kwa muda iliowaka, si kwa kilomita ilizopita, kwa hiyo rubani huupigia upepo hesabu kabla ya kujaza tangi.

Kisha kuna kimo. Mstari wa Wilson hadi Voi unapita juu ya vilima vya Chyulu, vinavyokaribia mita 2,200, hivyo ndege inayokwenda kwa mita 2,900 haiwezi kuanza kushuka mapema. Voi yenyewe iko kama mita 580 tu. Akishuka mita 150 kwa dakika ili masikio ya abiria yasiumie, rubani anahitaji dakika 15 hivi, yaani kilomita 75. Anaanza akishaivuka Chyulu, Mtito Andei ikiwa upande wake wa kushoto. Ongeza dakika kama kumi za kutembea uwanjani, kupaa na kuzunguka kabla ya kutua, huku mlima Sagalla ukiwa jirani.