Kiti cha Saksofoni Kiko Wazi

Nairobi tunajua kukumbuka kwa kelele. Mwanamuziki akifa, haipiti muda kabla apewe usiku wake kwenye baa fulani: picha kubwa ukutani, bendi inachapa nyimbo zake vile zilivyo, na hakosi msee aliyevaa kofia kama yake. Tunaimba, tunalia kidogo, tunaenda nyumbani. Sisemi ni vibaya. Shida ni kwamba mara nyingi natoka hapo bila kusikia jambo lolote jipya kumhusu marehemu.

Ndiyo maana huwa narudia McCoy Tyner Plays John Coltrane: Live at the Village Vanguard. Ilirekodiwa tarehe 23 Septemba 1997, siku ambayo Coltrane angetimiza miaka 71, katika klabu ile ile ya chini ya ardhi huko New York ambamo yeye mwenyewe alirekodi mwaka wa 1961, Tyner akiwa kwenye piano. Safari hii wako watatu tu: Tyner, George Mraz kwenye besi na Al Foster kwenye ngoma. Saksofoni haipo. Hebu fikiria: heshima kwa mpiga saksofoni, na hakuna hata mmoja anayeipuliza.

Mwanzoni nilidhani ni kiburi. Siku hizi naona ni adabu. Tyner alikaa na Coltrane kuanzia 1960 hadi mwisho wa 1965. Angemwita nani aje asimame pale, halafu sisi tuanze kumlinganisha? Aliacha kiti wazi, masikio yako yakijaze.

Sikiliza "I Want to Talk About You". Kwenye Live at Birdland, rekodi ya 1963, Coltrane anafika mwisho wa wimbo huo, wenzake wananyamaza, naye anaendelea peke yake kwa muda mrefu. Tyner alikuwepo, mikono imetulia, akisubiri. Karibu miaka 34 baadaye, zamu ni yake. Haigi ile safari ya bosi wake. Anapiga kama mtu aliyesikia hadithi ya mkubwa wake mara mia, na sasa anaisimulia kwa mdomo wake mwenyewe.

"Naima" na "Moment's Notice" zina utamu wa aina nyingine. Coltrane alizirekodi mara ya kwanza kabla Tyner hajajiunga naye, kwa hivyo hapa Tyner anaingia hata kwenye vyumba ambavyo hakuwepo vikijengwa.

Albamu ina kasoro, si uongo. Ule mkono wa kushoto wa Tyner unashuka kama lango la chuma, na kuna mahali unamfunika Mraz kabisa. "Crescent" ilihitaji kimya zaidi ya anachotupa.

Tyner alifariki 2020. Ana albamu nyingine, aliyoirekodi 1970, inayoitwa Asante. Kwangu, jina hilo lingeifaa hii ya Vanguard vizuri zaidi.

Basi ombi langu kwa bendi zetu: siku moja mkimkumbuka mpiga gitaa, jaribuni kuliacha gitaa nyumbani. Tusikie nyinyi mlijifunza nini kwake.