Kitanda cha kukandia pale Kaptagat

Watu walioandika kuhusu kambi ya wakimbiaji ya Kaptagat, Kenya, hawachoki kutusimulia ndoo za kufulia, zamu za kusafisha vyoo, na bingwa wa Olimpiki anayefagia chumba chake kama wenzake. Yote ni kweli, na yanapendeza kusomwa. Lakini ukitaka kujua Eliud Kipchoge alifikaje Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 akiwa mzima, akakimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, achana na ndoo kidogo, utazame kitanda cha kukandia.

Kwanza pima mzigo wenyewe. Wiki yake ya kawaida ilikuwa na kilomita zaidi ya 200. Jumanne aliteremka Eldoret kukimbia kwa kasi kwenye uwanja wa udongo wa Annex, bewa la Chuo Kikuu cha Moi. Alhamisi ilikuwa siku ya masafa marefu, kilomita 30 wiki hii, 40 wiki ijayo, kwenye njia za vumbi zenye miinuko, mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Jumamosi ilikuwa fatileki: dakika tatu za kukaza, dakika moja ya kulegeza, mara 13. Siku zilizobaki alikimbia polepole, mara nyingi asubuhi na jioni. Kila hatua ya mkimbiaji huiangushia miguu uzito wa mwili mara mbili au tatu, na kilomita moja ina mamia ya hatua. Misuli huchanika vichaniko vidogo visivyoonekana, mifupa hupata nyufa ndogo ndogo, na mwili huvifunga vyote usiku. Mwanariadha anakuwa bora pale tu kasi ya kuziba inapoishinda kasi ya kubomoka.

Mara mbili kwa wiki, Kipchoge alilala kifudifudi mbele ya Peter Nduhiu, mtaalamu wa tiba ya viungo aliyemhudumia kwa miaka mingi. Kazi hiyo haina picha nzuri, na pengine ndiyo sababu haikuandikwa sana.

Muulize mkimbiaji yeyote mjini Eldoret kwa nini anakandwa, na jibu utalipata kabla hujamaliza swali: kutoa asidi. Imani hii imeenea kuanzia Iten hadi Kapsabet, na nimewasikia hata wakandaji wenye vyeti wakiirudia. Haina msingi. Asidi ya laktiki iliyojaa kwenye misuli wakati wa mbio huondoka yenyewe, na baada ya saa moja hivi damu imekwisha kuisafisha. Maumivu yanayomfanya mtu ashuke ngazi kinyumenyume huanza kesho yake na kufikia kilele siku ya pili au ya tatu, wakati asidi imesahaulika kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's kule Kingston, Kanada, walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2010: kukanda msuli mara baada ya mazoezi kulipunguza mtiririko wa damu kwenye msuli huo, na asidi ikachelewa kutoka. Mkono unaobonyeza hubana na mishipa pia.

Basi nafuu inatoka wapi? Kwa sababu nafuu ipo, hilo halina ubishi. Jibu la kwanza lina umri wa miaka 60 hivi. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba habari za maumivu haziendi moja kwa moja kutoka mguuni hadi kwenye ubongo. Zinapita kwenye uti wa mgongo, na hapo zinakutana na habari nyingine, za mguso na msukumo, zinazosafiri kwenye neva nene zaidi na kwa kasi zaidi. Mguso ukizidi, maumivu huzuiwa njiani. Mama anayemsugua mtoto goti lililogonga meza anafanya jambo hilohilo bila kusoma Melzack.

Jibu la pili limo ndani ya msuli wenyewe, nalo nalitaja kwa tahadhari. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, pia Kanada, waliwachosha vijana 11 kwenye baiskeli, wakamkanda kila mmoja mguu mmoja kwa dakika 10, kisha wakachukua vipande vidogo vya nyama kutoka miguu yote miwili. Mguu uliokandwa ulionyesha dalili chache za uvimbe wa ndani, na ishara za kutengeneza vinu vya nishati vya seli zilikuwa zimeamka zaidi. Kiwango cha asidi hakikutofautiana. Vijana 11 ni wachache mno kujengea sheria, lakini angalau tunajua kwamba jambo fulani hutokea chini ya kidole gumba.

Mwaka 2020 kukachapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za kukandwa kwa wanamichezo. Kukandwa hakumwongezei mtu kasi, nguvu wala pumzi. Kunampunguzia kidogo maumivu ya misuli na kumlegeza kidogo viungo. Kidogo, basi. Je, mtu ajigharimie mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, kwa ajili ya kidogo hicho?

Mimi naona tafiti hizi zilipima kitu kinachopimika kwa urahisi, zikaacha kile kinachofanya kitanda cha Kaptagat kiwe na thamani. Mkandaji aliyemshika mtu yuleyule mara mbili kwa wiki, miaka nenda miaka rudi, anao mkononi ramani ya mwili huo. Anajua shavu la mguu wa kulia huwa gumu kila baada ya masafa marefu, na hilo halimtishi. Anajua nyonga ya kushoto haijawahi kuuma. Siku itakapouma, atajua kabla mwenyewe hajaamua kusema. Wakimbiaji wa nyanda hizi wamelelewa kutolalamika, na wengi watakuambia wako sawa hata wakiwa wanachechemea. Msuli hauna adabu hiyo. Ukiguswa panapouma, unashtuka.

Tuchukue mfano wa muundi, ule mfupa wa mbele wa mguu chini ya goti, kwa sababu ndipo wakimbiaji wengi wa Eldoret wanapokwama. Mkimbiaji amepanda kitandani, anasema mguu unauma kwa mbele. Mkandaji asiyejua kazi hupaka mafuta na kuanza kusugua. Anayejua haanzi na mafuta. Anamlaza chali, anatembeza ncha ya kidole taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, kutoka kifundo kwenda juu, sentimita kwa sentimita. “Hapa?” “Hapana, daktari.” “Hapa?” “Kidogo.” Kama uchungu umeenea sehemu ndefu, upana wa vidole vitatu vinne au zaidi, huenda ni utando wa mfupa na misuli inayoshika hapo vilivyochoka, na dawa ni kupunguza kilomita, kubadili viatu vilivyokwisha na kuimarisha mguu. Kama uchungu umejikusanya mahali pamoja, padogo, na kidole kikifika hapo mtu anaruka, mkandaji ananyanyua mikono. Anamwambia asimame arukeruke kwa mguu mmoja. Akishindwa, anapelekwa kupigwa picha, maana huenda ni ufa wa mfupa, na ufa haukandwi. Hata hivyo picha ya kawaida ya eksirei mara nyingi haionyeshi kitu wiki za mwanzo, na hapo ndipo vijana wengi huambiwa ni wazima, wakarudi barabarani, ufa ukawa mvunjiko kamili.

Dakika tano za kidole kama hizo zinaweza kuokoa msimu mzima. Hazikuingia kwenye tafiti za kukandwa kwa sababu, kwa hesabu za watafiti, hakuna aliyekandwa.

Kano ya kisigino inafundisha somo jingine. Hii ndiyo inayomwamsha mkimbiaji asubuhi akiwa kama mzee, anatembea kwa kukaza, kisha baada ya dakika kumi inalegea naye anajidanganya kuwa imepona. Kano ina damu kidogo na inajijenga polepole mno. Ukiikanda utaituliza hadi jioni. Kilichobadilisha matibabu yake ni kazi ya daktari wa mifupa wa Uswidi, Håkan Alfredson, ambaye mwenyewe alikuwa na kano inayomsumbua. Mwaka 1998 alieleza jinsi wakimbiaji 15 wa burudani, waliougua kwa muda mrefu, walivyosimama ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino polepole, mara 15, mizunguko mitatu, goti likiwa limenyooka na kisha likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Hiyo ni mara 180 kwa siku, na waliruhusiwa kuendelea hata kukiwa na maumivu. Wote 15 walirudi kukimbia. Tafiti zilizofuata hazikupata matokeo mazuri kiasi hicho, lakini kanuni ilibaki palepale: kano inataka kubebeshwa mzigo kwa mpango. Mkono wa mkandaji hauwezi kuubeba kwa niaba yake.

Kaptagat walilielewa hili, pengine wakiwa wamechelewa kidogo. Mbali na kitanda, kundi lilianza vipindi vya kuimarisha mwili, mara mbili kwa wiki, vilivyoongozwa na Marc Roig, mtaalamu wa viungo kutoka Uhispania ambaye ni mkimbiaji pia. Vifaa ni mikeka na mikanda ya mpira. Mtu analala chali na kuinua makalio, anasimama kwa mguu mmoja na kuinama, anajishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu. Ukiwaona watu wanaokimbia kilomita moja kwa dakika 2 na sekunde 50 wakitetemeka kwa kusimama mguu mmoja utacheka, halafu utaelewa kwa nini nyonga zao huuma.

Kuna kiungo cha tatu, nacho ni kocha. Patrick Sang, aliyeshinda fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona 1992, ndiye anayepanga wiki. Habari ya kitandani ina faida ikimfikia yeye na yeye akawa tayari kuifuata. Kama msuli wa nyuma ya paja umekaza Jumatano, Alhamisi ya kilomita 40 inaweza kuwa 30, au isiwepo. Bila kocha wa namna hiyo, mkandaji hodari anabaki kumtengeneza mtu aende kuvunjika tena.

Wala mfumo huu si kinga ya kila kitu. Tarehe 10 Agosti 2024, kwenye vilima vya marathoni ya Olimpiki mjini Paris, mgongo wa Kipchoge ulimkatalia, naye akaacha mbio baada ya kilomita 30 hivi. Alikuwa na miaka 39. Mfumo hauondoi majeraha, unayachelewesha na kuyapunguza, na kumpa mtu misimu mingi zaidi ya ile ambayo angepata bila huo.

Sasa toka Kaptagat uingie mjini, ambako wengi wa wakimbiaji hawana meneja, wala kambi, wala Nduhiu. Hapa mtu hukandwa akiwa tayari anaumwa, kwa pesa ya mfukoni, na mara nyingi na mtu ambaye ujuzi wake ni kuwa alikuwa mkimbiaji zamani. Sidharau hilo, maana baadhi yao wana mikono mizuri kuliko ya wenye vyeti. Kenya ina sheria ya wataalamu wa tiba ya viungo tangu 2014, na baraza la kuwasajili, lakini kijana mwenye mbio baada ya wiki mbili haulizi usajili. Anauliza swali moja tu, kama maumivu yatakwisha kabla ya siku hiyo. Akiambiwa kwamba inabidi apumzike wiki sita, anavuka barabara hadi duka la dawa, ambako jibu ni fupi zaidi.

Jibu hilo mara nyingi ni sindano. Trayamsinoloni ni dawa halali ya uvimbe na ya viungo, na inatuliza kweli. Ndiyo shida yake. Inanyamazisha ile habari ambayo mkono ungeisoma, na kano inayodungwa inaweza kudhoofika hadi kukatika. Juu ya hayo, tangu tarehe 1 Januari 2022 Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa Zilizokatazwa Michezoni limepiga marufuku trayamsinoloni na dawa za aina yake zikidungwa kwa njia yoyote ile, siku za mashindano. Kitengo cha Uadilifu cha Riadha kilitangaza mwaka 2022 kwamba, ndani ya kipindi cha mwaka mmoja na ushei, Wakenya 10 walikuwa wamepatikana na trayamsinoloni. Kutoka mataifa mengine yote walikuwa wawili.

Sidhani kwamba wote kumi walikuwa wezi wa medali. Huenda wengine walitafuta tu nafuu ya goti au mgongo, na mdungaji hakuwaambia, au hakujua, kwamba mwongozo wa Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa Zilizokatazwa Michezoni unataka siku 60 zipite kati ya sindano ya trayamsinoloni ya msuli na mashindano. Kijana akidungwa tako tarehe 1 Septemba, hatakiwi kushindana kabla ya Oktoba kwisha, na huo ndio msimu wa mbio za barabarani za Ulaya ambazo zilimfanya akimbilie sindano.